Nani Apande Kwanza

Mwishoni mwa Februari nilifika kwa shemeji zangu Ndhiwa nikakuta shamba limelimwa kwa maksai, udongo mweusi umegeuzwa vizuri, mvua mbili zimeshapita juu yake, na hapana mtu anayepanda. Ng'ambo ya ua wa minyaa majirani walikuwa wameshamaliza. Nikamuuliza shemeji mdogo kama mbegu zimepungua.

"Mbegu zipo, shemeji. Tunamngoja mkubwa. Yuko Nairobi, anasema atafika kesho."

"Na mvua je?"

"Mvua nayo itangoja," akacheka. "Ama tumwambie atutumie ruhusa kwa M-Pesa."

Kwa asiyeyajua ya Waluo, kupanda katika boma kuna zamu. Wenyewe huita golo kodhi, kutoa mbegu. Mwenye boma na mke wa kwanza, mikayi, hutangulia. Nyachira, mke wa pili, hufuata. Kisha reru, wa tatu. Watoto wa kiume nao hufuatana kwa kuzaliwa. Anayeruka zamu anajiitia chira, na chira si neno la mzaha kwa wazee wa huko. Mama mkwe alikuwa ameshapanda kishamba chake Jumatatu. Zamu ilikuwa ya kifungua mimba, na kifungua mimba alikuwa mbali.

Nilikaa kwenye kigoda chini ya mwembe, nikaletewa viazi na chai, na kwa kuwa nina ugonjwa wa kompyuta usiotibika, nikaanza kufikiria makufuli. Kusubiri kule kulikuwa kurefu na kulikuwa na hasara yake, lakini kulikuwa na kitu kimoja cha kupendeza: kulikuwa foleni. Mdogo anamngoja mkubwa, mkubwa anangoja basi, basi linangoja abiria. Ukiifuata foleni hiyo hatua kwa hatua utafika mahali inapoishia, kwa mtu asiyemngoja yeyote. Mafundi ninaotaka kuwasifu hapa hutumia maisha yao kuhakikisha kwamba kila kusubiri ndani ya kompyuta kunaishia mahali fulani namna hiyo. Adui yao ni mduara.

Kazi yao imo mikononi mwetu ingawa hatuioni. Alfajiri pale Mbita, mitumbwi inaporudi kutoka ziwani na taa zake zinafifia, akina mama huanza kuhesabu magorogoro ya omena na kulipana kwa simu. Simu nyingi kati ya hizo ni za Android, na Android imejengwa juu ya kerneli ya Linux, ile ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika Helsinki mwaka 1991 akiwa mwanafunzi. Kerneli ni kiini cha programu zote: ndiyo inayogawa prosesa, kumbukumbu, faili na redio ya simu, ikaamua nani apate nini na kwa muda gani. Kwa kuwa hata simu ya bei nafuu sasa ina viini vinne au vinane vya prosesa vinavyokimbia kwa pamoja, kazi mbili zaweza kutaka kugusa kitu kimoja katika sekunde ileile. Hapo ndipo kufuli linapoingia.

Kufuli la kerneli si chuma. Ni neno dogo katika kumbukumbu linalosema "kuna mtu ndani". Mfuatano mmoja wa kazi, ambao mafundi huuita uzi, ukikuta neno hilo limeandikwa, unasimama. Ukikuta halijaandikwa, unaliandika, unaingia, unafanya shughuli yake, unalifuta na kutoka. Kufuli moja halimsumbui mtu. Matatizo huanza pale shughuli moja inapohitaji makufuli mawili.

Tuseme kuna programu ya kuhamisha pesa, iliyoandikwa na mwanafunzi mwenye haraka (sisemi M-Pesa ndivyo ilivyoandikwa, nabuni mfano tu). Ameipangia hivi: funga akaunti ya mtumaji, funga akaunti ya mpokeaji, hamisha, fungua zote mbili. Inasomeka vizuri. Sasa mama wa Mbita anamtumia mwenye duka la jumla Migori bei ya unga, na katika nukta ileile mwenye duka anamtumia mama bei ya omena wa wiki iliyopita. Uzi wa kwanza umefunga akaunti ya mama, unataka ya duka. Uzi wa pili umefunga ya duka, unataka ya mama. Kila mmoja ameshika anachokitaka mwenzake, na kila mmoja ni muungwana wa kutosha kusubiri. Watasubiri mpaka mtu azime mashine.

Huo ndio mkwamo wa makufuli. Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyeandika mengi ya msingi juu ya jambo hili katika miaka ya 1960, aliufananisha na kukumbatiana kwa mauti. Mwaka 1971 Edward Coffman na wenzake wawili wakaonyesha kwamba mkwamo hauwezi kutokea mpaka mambo manne yakutane: kitu kishikwe na mmoja tu kwa wakati, anayeshika aruhusiwe kushika huku akisubiri kingine, asiwepo wa kumnyang'anya, na wanaosubiriana wafanye mduara. Vunja moja, mkwamo umekufa. Katika kerneli lile la nne ndilo huvunjwa mara nyingi, na dawa yake ni ya kinyumbani kabisa: wote wakubaliane mapema ni kufuli lipi hutangulia. Katika ule mfano wangu, kila uhamisho ufunge kwanza akaunti yenye nambari ndogo, hata kama ni ya mpokeaji. Mama na mwenye duka watagonga mlango mmoja. Mmoja ataingia, mwingine atakaa nje mikono mitupu, bila kushika chochote anachokihitaji mwenzake. Golo kodhi.

Ikiwa dawa ni rahisi hivyo, sifa ni ya nini? Ni kwamba kerneli ya Linux ina mamilioni ya mistari, imeandikwa na maelfu ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuonana, na hakuna mzee mmoja anayejua zamu zote. Aliyeandika sehemu ya faili alikuwa na utaratibu wake kichwani. Aliyeandika sehemu ya kumbukumbu alikuwa na wake. Kila mmoja ni sahihi kwake. Mduara unazaliwa pale shughuli inapovuka mpaka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na unaweza kulala miaka kumi bila kuamka, kwa sababu ili uamke nyuzi mbili lazima zikutane katika dirisha la sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwenye meza ya fundi hautokei. Kwenye simu za watu, ambazo ni nyingi mno, unamtokea mmoja leo na mwingine mwezi ujao. Simu imeganda, mwenyewe anabonyeza kitufe mpaka izime, anaiwasha, anaendelea na maisha yake. Hapana ushahidi uliobaki.

Kwa hiyo ufundi wenyewe ni wa kutafuta ajali ambayo haijatokea. Chombo chake kikuu kinaitwa lockdep. Kiliandikwa na Ingo Molnar pamoja na Arjan van de Ven, kikaingia katika Linux 2.6.18 mwaka 2006, na nikiulizwa ni kazi gani ya programu ninayoionea wivu zaidi, nitaitaja hiyo kabla swali halijaisha. Lockdep haisubiri mkwamo. Kila uzi unaposhika kufuli, yenyewe huandika pembeni: huyu ameshika B akiwa tayari ana A. Inakusanya maandishi hayo na kuchora ramani ya nani humtangulia nani. Siku ikiona mahali pengine popote, labda baada ya saa sita, labda katika programu nyingine kabisa, mtu ameshika A akiwa na B, inapiga kelele. Si lazima wawili hao wakutane. Si lazima hata wawe hai wakati mmoja. Ni kama mzee wa kijiji ambaye hangoji ndugu wapigane. Akisikia tu kwamba katika nyumba hii watoto wameambiwa mkubwa ni fulani, na katika nyumba ile wameambiwa mkubwa ni mwingine, anajua kesi inakuja.

Kuna jambo dogo juu yake linalonifurahisha kila mara: lockdep huzungumza mara moja tu. Ikishatoa taarifa ya kwanza inajizima mpaka mashine iwashwe upya, kwa kuwa ramani yenye kosa haifai tena kuaminiwa. Natamani mashahidi wote mahakamani wangekuwa hivyo.

Nilirudi Migori jioni hiyohiyo, matatu hadi Rodi Kopany, nyingine hadi Rongo, kisha barabara kuu ya Isebania iliyojaa malori ya miwa ya Awendo. Nilikuwa nimeacha kazi nusu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikijifundisha kuandika dreva, kipande cha programu kinachokaa ndani ya kerneli na kusema na kifaa. Changu hakikuwa na kifaa chochote, kilikuwa cha kujifunzia, kinaweka orodha ya vipimo katika kumbukumbu na kuigawa kwa programu ikiiomba. Kompyuta yangu ni ya mkono wa pili, kujenga kerneli juu yake huchukua nusu ya usiku, na nilikuwa nimeijenga ile yenye lockdep imewashwa, ambayo hufanya kila kitu kiende kama punda aliyechoka. Nikawasha, nikaendesha programu yangu ya majaribio, ikafanya kazi bila kasoro, orodha ikaja safi. Na katika kumbukumbu za kerneli, ukurasa mzima wa malalamiko.

Taarifa ya lockdep hutisha mtu mara ya kwanza. Kuna majina ya makufuli, kuna nyayo za kila kazi iliyoitwa mpaka kufika pale, na mnyororo wa utegemezi umeandikwa kinyumenyume, wa mwisho juu. Wenye uzoefu hushuka moja kwa moja hadi kwenye kijedwali cha safu mbili: kushoto kiini cha kwanza cha prosesa, kulia cha pili. Kushoto kinashika hili. Kulia kinashika lile, kisha kinataka hili. Kushoto kinataka lile. Chini yake neno moja kwa herufi kubwa, limezungukwa na nyota. Ni tamthilia fupi ya mistari minne juu ya jambo ambalo halijapata kutokea.

Kwenye jedwali langu kufuli la kwanza lilikuwa langu mwenyewe, lile la kulinda orodha. La pili liliitwa mmap_lock, na hapo nikashangaa, kwa sababu sikuwa nimeliandika popote. Nilipekua msimbo wangu mstari kwa mstari. Halimo.

Lilikuwamo, limejificha. Kila programu ina ramani ya kumbukumbu zake, na mmap_lock, ambalo hadi 2020 liliitwa mmap_sem, ndilo linalolinda ramani hiyo. Nilipokuwa nikinakili vipimo kutoka kerneli kwenda kwenye kumbukumbu ya programu iliyoniomba, huku nimeshika kufuli langu, nilikuwa nagusa ukurasa ambao huenda haupo: huenda kerneli ilikuwa bado haijautenga, au ilikuwa imeuweka kando. Ukurasa ukikosekana, kerneli huusimamisha uzi ule, huenda kuutafuta, na katika kuutafuta hulihitaji mmap_lock. Basi zamu yangu ya kwanza ilikuwa kufuli langu, kisha la ramani. Mahali pengine katika dreva hiyohiyo nilikuwa nimeandika njia ya programu kuiona orodha moja kwa moja kupitia ramani yake, na kazi ile huitwa wakati mmap_lock limeshashikwa tayari. Nami ndani yake nikashika kufuli langu. La ramani, kisha langu. Nyuzi mbili za programu moja zingetosha.

Na angalia: katika jaribio langu ukurasa haukukosekana hata mara moja. Lockdep ilijuaje? Kwa sababu mafundi waliotangulia waliweka katika ile kazi ya kunakili alama inayoiambia lockdep: hapa huenda kufuli la ramani likahitajika, lihesabu kama limeshikwa. Mtu fulani, miaka iliyopita, alifikiria juu ya kosa ambalo mimi ningekuja kulifanya Migori kwenye meza ya jikoni, akaniwekea kibao. Sijui kama kuna ukarimu mwingine katika programu unaofikia huo.

Sasa kurekebisha. Hapa ndipo unapomtambua fundi na mbabaishaji. Mbabaishaji ana njia tatu za haraka. Anaweza kuizima lockdep sehemu ile, kelele ikaisha na mduara ukabaki. Anaweza kudai kwamba kufuli lake ni la jamaa tofauti, na akaandika hivyo. Wakati mwingine hilo ni kweli, na kerneli ina njia halali ya kusema "hili ni kufuli la mzazi na hili ni la mtoto, usiyachanganye", lakini kulisema bila kulithibitisha ni kutoa ushahidi wa uongo. Au anaweza kujaribu kufuli bila kusubiri, likikataa ajaribu tena, na tena, na tena. Mkwamo unageuka mbio za panya, na betri inaisha.

Fundi anauliza swali ambalo mbabaishaji hana subira nalo: kufuli hili linalinda nini hasa? La kwangu lililinda orodha isibadilike ninapoisoma. Halikuwa na sababu ya kulinda safari ya orodha kwenda kwa mwombaji. Mwenye ghala la omena hampimii mteja akiwa amejifungia ndani na ufunguo mfukoni; anajaza gorogoro, anatoka, anafunga, kisha anammiminia mteja kikapuni huko nje, hata kama kikapu kinavuja na lazima kishonwe kwanza. Hivyo ndivyo msimbo ulivyotakiwa kuwa: tenga nafasi ya muda, shika kufuli, nakili orodha kwenye nafasi hiyo, achia kufuli, ndipo umpe mwombaji.

Mistari michache tu. Lakini kila mmoja una swali lake. Nafasi ya muda itengwe kabla ya kushika kufuli, kwa sababu kutenga kumbukumbu nako kwaweza kusubiri, na kusubiri ukiwa umeshika ni kufungua mduara mwingine. Ukiitenga kabla, ulijuaje ukubwa wa orodha? Ulikadiria, basi ukishaingia ndani hesabu tena, na kama imekua, toka, tenga kubwa zaidi, rudi. Halafu kuna wasiwasi kwamba mwombaji atapokea orodha iliyokwisha kuchakaa, maana imebadilika baada ya kufuli kuachiwa. Huo ulinikalisha muda mrefu kuliko yote. Jibu nililolipata ni kwamba hata kwa njia ya zamani orodha ilichakaa nukta ile kufuli lilipoachiwa. Mwombaji hakuwahi kuwa na kitu kipya zaidi ya picha. Kurekebisha mkwamo kulinifundisha jambo juu ya dreva yangu ambalo nilipaswa kulijua siku ya kwanza.

Kuna jamaa wa kosa hili asiye na kufuli la pili kabisa. Unashika kufuli, kisha unaiambia kerneli: ngoja mpaka kazi fulani ya pembeni iishe. Kazi hiyo ya pembeni, ili iishe, inahitaji kufuli ulilolishika. Mama anamwambia mtoto hatampa ufunguo mpaka afagie nyumba, na nyumba imefungwa. Lockdep inalinasa hilo pia, kwa kuihesabu kazi ya pembeni kama kufuli la kuwaziwa.

Usije ukadhani makosa haya ni ya wanafunzi wa Migori. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mabingwa. Faili katika Linux hukaa ndani ya saraka, saraka ndani ya saraka, mpaka mzizi, ni ukoo. Kubadilisha jina la saraka, au kuihamisha kutoka kwa mzazi mmoja hadi mwingine, hudai makufuli kadhaa kwa pamoja, na kanuni yake ingemfurahisha mzee yeyote wa Ndhiwa: mhenga hufungwa kabla ya mzao. Kasoro ni kwamba katika ukoo wa saraka undugu hubadilika. Ukiwa bado unapanga nani mkubwa, mtu mwingine anaweza kumhamisha babu akamweka chini ya mjukuu wa nyumba nyingine. Kwa watu hilo halina hofu. Kifungua mimba hubaki kifungua mimba hata akihamia Nairobi. Saraka haziko hivyo, kwa hiyo kerneli ina kufuli moja kubwa kwa kila mfumo wa faili, ambalo anayetaka kuhamisha kutoka saraka moja kwenda nyingine hulishika kwanza, ili ukoo utulie mpaka amalize. Kuna hati ndani ya msimbo wenyewe wa Linux inayoeleza yote haya na kutoa uthibitisho, kwa maneno, kwamba mduara hauwezekani. Ni maandishi makavu, na mimi nimeyasoma kama riwaya.

Katika toleo la 6.5, Agosti 2023, pakaongezwa kanuni: saraka inayohamishwa nayo ifungwe. Sababu ilikuwa nzuri. Kila saraka hubeba ndani yake nukta mbili, jina la mzazi wake, na kwenye baadhi ya mifumo ya faili kuandika mzazi mpya kungeweza kugongana na mtu mwingine anayeibadilisha saraka hiyo wakati huohuo, data ikaharibika. Jan Kara alifanya kazi hiyo, na hapana fundi wa faili asiyemheshimu. Lakini kanuni iligusa pia saraka inayobadilishwa jina tu huku ikibaki kwa mzazi yuleyule, na katika njia hiyo lile kufuli kubwa halishikwi. Saraka mbili zisizo mhenga na mzao zikaweza kufungwa huku ukoo ukiwa haujatulizwa. Tundu lilikuwa limerudi.

Mtu wa Mbita angelielewa hilo bila darasa. Miaka ya 1980 palijengwa tuta la kuunganisha Kisiwa cha Rusinga na bara, na watu wakavuka kwa miguu, jambo jema. Lakini tuta lilizuia maji kupita kati ya ghuba na ziwa kubwa, na ikabidi baadaye lijengwe daraja ili maji yapate njia yake.

Daraja la kerneli lilijengwa na Al Viro, likaingia katika 6.8, Machi 2024, na uzuri wake ni kwamba kiini chake ni kuondoa kufuli. Ikiwa saraka haibadilishi mzazi, zile nukta mbili ndani yake hazibadiliki, ikiwa hazibadiliki, hakuna cha kulinda, basi usiifunge. Ifunge inapohama kweli, na hapo kufuli kubwa huwa limeshashikwa. Hati ya uthibitisho nayo ikarekebishwa. Nimewahi kumwona fundi wa mitumbwi akikaa asubuhi nzima akiutazama ubao, halafu akatoa unyoya mmoja wa mti kwa randa, ubao ukakaa. Aliyepita saa hiyo angedhani hajafanya kitu.

Ziko pia sehemu ambazo zamu haiwezi kujulikana mapema, kwa mfano katika picha za skrini, ambako programu huleta vipande vya kumbukumbu kwa mpangilio wowote iupendao. Huko Linux ilipata mwaka 2013, katika toleo la 3.11, makufuli ya aina nyingine yaliyoletwa na Maarten Lankhorst. Kila shughuli hupewa nambari inapoanza. Mdogo, yaani aliyeanza baadaye, akigongana na mkubwa, mdogo huachia kila alichoshika, hukaa pembeni, kisha huanza upya. Kinachonigusa ni kifungu kimoja cha utaratibu huo: anaporudi, anarudi na nambari yake ya zamani. Hapewi mpya. Kadiri anavyorudishwa nyuma ndivyo anavyozidi kuwa mkubwa kati ya waliopo, na lazima siku yake ifike.

Usiku ule Migori niliandika mistari yangu upya mara tatu. Ya kwanza ilisahau kuachia nafasi ya muda pale hesabu ilipokua. Ya pili ilikuwa sahihi na mbaya kuisoma. Ya tatu niliiacha. Nikaendesha nyuzi mbili, moja ikiomba orodha bila kupumzika, nyingine ikiifungua na kuifunga ile njia ya ramani, na ili kurasa zikosekane kweli nikaifanya programu iitupe kumbukumbu yake kila mara. Ukimya wa lockdep peke yake si cheti. Hujua njia ulizopita tu, kwa hiyo nilijaribu kupita zote, hata zile za makosa, ambazo mtu huziacha kwa uvivu. Saa nane stima ikapotea. Betri ya kompyuta ikashikilia dakika ishirini, ikafa, na nikalala nguo zote mwilini. Iliporudi nikaanza tena.

Saa kumi na mbili na nusu majaribio yalikuwa bado yanazunguka na kumbukumbu za kerneli zilikuwa hazina neno. Simu ikalia. Shemeji mdogo. Mkubwa aliingia na basi la usiku, akashuka Rodi Kopany akachukua boda boda, akafika akiwa na viatu vya mjini, akaomba mbegu kabla hata ya chai. Amepanda mistari miwili.

"Na wewe?" nikauliza.

"Mimi hapa nimeshika jembe, shemeji. Nitakupigia baadaye."